Mayai Mabichi ya Bogoria

Dada Nyambura,

Hapa jikoni hakuna kilichosonga. Dirisha ni lile lile la vyuma, linaangalia tangi la maji na ukuta. Asubuhi nasikia lango la gesti likifunguliwa, gari linatoka na wageni, lango linafungwa. Mimi nabaki ndani na masufuria. Tofauti ni kwamba sasa hakuna mtu wa kugonga dirisha akisema, "Wairimu, leo tunakuacha, lakini siku yako inakuja!"

Haikuja. Miaka kumi na moja nimewafungia wageni wako chapati na ndizi za safari ya siku moja, na mimi ninayoijua ni njia ya kwenda nyumbani Subukia tu. Menengai sijapanda. Ziwa Bogoria sijafika. Kila mara gari limejaa, kila mara wiki ijayo. Nilikukasirikia hata siku ya kukuzika, Dada. Watu walidhani ni machozi tu.

Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukifanya mazoezi hapa mezani, ulipoanza kutembeza wageni. Sufuria lililopinduliwa ndilo mlima Longonot. Mstari wa unga ndio Ikweta, na ulinilazimisha kuuruka. Karai la kuoshea vyombo ndilo Bogoria. Maneno yako yote ninayajua, nayasema nikikata vitunguu.

Na lile yai! Kila mkienda Bogoria niliwawekea kreti ya mayai mabichi, wageni wakayachemshe wenyewe kwenye chemchemi za maji moto. Jioni uliniletea moja, limefungwa kwa kitambaa chako chekundu, limepoa kabisa. "Kula. Hili limepikwa na ardhi, si wewe mwenye maringo."

Tuliporudi kutoka kukuzika nilifanya kituko. Nilichemsha kreti nzima ya safari ya Bogoria. Thelathini! Akili haikuwa hapa. Kiprono, dereva wako, hakujua mpaka mgeni mmoja alipotoa yai lake majini baada ya dakika moja, akalimenya, gumu kabisa. Woi! Kiprono akawaambia leo chemchemi imeamka vibaya. Wakapiga picha. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, kwa sababu jioni hiyo yai la kitambaa halikuja.

Jana Madam mwenye gesti aliingia hapa. Anasema kiti chako cha mbele hakiwezi kukaa wazi. Nikikitaka, ni changu kuanzia Jumamosi, safari ya Bogoria, na amepata mtu wa kushika jiko. Nisipokitaka, ataleta mtu kutoka Nairobi, na mimi nibaki hapa. Anataka jibu leo, kabla gari halijarudi.

Ungedhani nimeruka kwa furaha. Asubuhi nilienda gari likioshwa, nikafungua mlango wa mbele. Kofia yako bado iko kwa dashibodi, na unywele wako mmoja ndani. Nilishindwa kukaa. Nikikaa pale, Dada, utakuwa umekufa kweli, na kufa kwako ndiko kumenipa safari. Nikikataa, dirisha hili ndilo nitakaloangalia mpaka nizeeke. Nimekalia kreti ya soda nikikuandikia. Kila upande ni ukuta. Aki, si ungenipeleka hata mara moja, ukiwa hai, tukae wawili kwa kiti kimoja?

Nasikia honi ya Kiprono langoni. Basi wacha niandike kabla sijabadilisha nia: nitamwambia Madam ndiyo. Sina furaha nayo. Nitaivaa kofia yako ingawa inanibana, na pengine nitawapotosha wageni, maana Kiprono anasema maji ya ziwa yamepanda na ile njia uliyonionyesha kwa karai imezama. Usinicheke.

Ulale salama, Dada yangu. Jumamosi nitaweka mayai thelathini mabichi kwa kreti, na moja zaidi ndani ya kitambaa chako. Hilo nitalichemsha mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye maji yale. Jumapili nitakuletea Subukia, nikuwekee hapo kaburini. Litakuwa limepoa. Ulipokee hivyo hivyo, kama mimi nilivyokuwa nikipokea.

Mdogo wako,
Wairimu