Radhi ya Ukurasa wa Mbele

Mji Mkongwe, Jumapili

Dada Kazija, shikamoo.

Pweza wako kafika salama, tumemla kwa wali wa nazi. Jikoni kunavuja tena.

Gazeti halikufungwa. Ile habari yetu ya viwanja walivyonyang'anywa jirani zako hapo Bwejuu, vikazungushiwa ukuta, ilinipeleka mahakamani, na wazee wa mchumba wa Faiza wakasema hawaoi kwa mtu mwenye kesi. Basi Alhamisi nikachapisha radhi, kwamba niliandika uongo. Kesi ikafutwa. Miaka ishirini ya uhariri, hiyo ndiyo habari ya kwanza niliyoitoa huku najua si kweli.

Jana wamekuja, wamekunywa kahawa yetu, wakavunja posa. Hawawezi, wanasema, kuoa kwa mtu aliyekiri mwenyewe kuwa muongo.

Faiza hakulia. Kaniuliza tu, "Baba, kwani uliongopa?"

Nikamwambia hapana. Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza samaki anayeapa kuwa samaki ni wa leo.

Njoo umwambie wewe, dada. Ukuta ule uliuona ukijengwa. Mimi humu ndani siaminiwi tena.

Nduguyo,
Ubwa