Sukari kwa Mama Gwakisa

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani. Chepngetich amenishika mkono mpaka mlangoni kunipongeza. Eti tumefanya la maana kumpeleka Ethan nyumbani Kenya, watoto wa huku ng'ambo wanahitaji kuchota maji na kulala njaa kidogo, atarudi amenyooka. Binti yangu Mumbi, mama yake Ethan, akamwangalia machoni akasema ndiyo, yuko bweni Nyeri, anaendelea vizuri.

Bweni! Bweni lenye askari mlangoni.

Kwa gari nimemwambia Mumbi, uongo wa kanisani ni uongo mara mbili. Mimi sikukulea hivyo. Akasema, "Mami, wewe endelea na ukweli wako. Umeona umetufikisha wapi." Nyumbani nimepasha githeri nikala peke yangu. Yeye amelala na viatu, zamu yake inaanza jioni.

Jumanne, 7 Oktoba

Loya amekuja. Tulipewa na korti, anaitwa Jacqueline, mama yake ni wa Moshi, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kuokoteza. Amekaa kwa kochi bila kuvua koti. Nikajua hakuna jema.

Wacha niandike yote mara moja ili yanikae kichwani.

Ethan ana miaka kumi na sita. Mwezi wa nane aliingia gari la wenzake wawili wa shule. Wakamwona kijana anapeleka chakula kwa mlango wa mtu, hapa hapa Germantown. Mmoja wao akatoa bunduki. Kijana akakimbia, akaanguka kwa ngazi, mkono ukavunjika. Wakachukua simu yake na mfuko wa chakula. Ethan yuko rumande tangu hapo. Bunduki hakuishika. Lakini chakula alikula. Hilo ndilo linanichoma. Wamekaa kwa gari wanakula wali na kuku wa mtu, na mwenye kubeba yuko chini analia. Mjukuu wangu, niliyemtafunia nyama hajaota meno.

Kijana anaitwa Gwakisa, Mtanzania, ana miaka ishirini, anasoma kule chuo cha Annandale na kubeba chakula akitoka. Mama yake ni Leokadia. Anatunza wazee jengo moja na Mumbi, zamu tofauti. Huku sisi wote tunajuana. Ndiyo maana Mumbi anataka kujificha, na ndiyo maana mimi niliona hakuna pa kujificha.

Nikafanya lile ambalo mtu aliyelelewa hufanya. Nilimchukua Mzee Ndirangu na mwenzake wa baraza la kanisa, nikabeba sukari, majani chai, unga, na blanketi jipya la kumfunika mama. Simu hatukupiga. Msamaha hauombwi kwa simu, unaenda unasimama mlangoni. Leokadia akafungua. Shikamoo mama, shikamooni wazee, karibuni ndani. Hawa Watanzania na heshima yao, huwezi kujua mtu anafikiria nini. Akaweka chai. Mzee Ndirangu akasema, mtoto wetu amekosa, tumekuja kuinama. Nikamfunika blanketi kwa mikono yangu. Akasema asanteni, yameisha. Nikataka kumwona kijana. Amepumzika, mama. Kule juu kitu kizito kilikuwa kinaburutwa, nikasema moyoni, huyu na mkono mmoja anahamisha nini? Tukaomba tukaondoka. Nililala usingizi siku hiyo, wa kwanza tangu mwezi wa nane.

Sasa Jacqueline anasema upande wa mashtaka umeandika kwamba familia ilikwenda kumtisha shahidi. Wanaume wawili na mwanamke, bila taarifa. Na lile la "mtoto wetu amekosa" linapelekwa kwa jaji kama tumeshakiri. Na jaji ametoa amri. Mimi, Mumbi, wazee, mtu yeyote wa nyumba hii asimkaribie Leokadia wala mwanawe. Hata salamu.

Nikamwuliza, mama yako hakukufundisha kitu? Akasema mama yake angefanya vile vile, na yeye angemfungia ndani.

Kutisha mtu kwa sukari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jacqueline amerudi na nimemwambia anieleze polepole, mimi ni wa darasa la nne lakini si mjinga.

Ni hivi. Sheria ya hapa inasema mtoto wa kumi na sita akikamatwa na kesi ya bunduki, hata bunduki ya mwenzake, anaanzia korti ya watu wazima. Ni mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama juzi uliambiwa umtilie sahihi ndio aende na shule kuangalia wanyama. Jaji akipenda anaweza kumrudisha korti ya watoto. Ethan anasikilizwa hilo tarehe ishirini na tisa. Akirudishwa, atashikwa, atafunzwa, atatoka na makaratasi yake yatafungwa. Asiporudishwa ni miaka mingi, na akitoka hakuna atakayemwandika kazi hata ya kufagia.

Sasa jimbo lina tume. Wanaangalia adhabu, nani afungwe kiasi gani na mtoto aanzie korti gani. Wakimaliza wanapeleka mapendekezo yao kwa watunga sheria. Kuna wanaotaka watoto wote waanzie korti yao. Kuna wasiotaka. Jumatano wanasikiliza wananchi, mtu yeyote, dakika mbili mbili.

Akanionyesha kwa simu jedwali wanalotumia. Upande huu kosa, upande huu rekodi ya mtu, unateremsha kidole mpaka vinapokutana, hapo ndani kuna miaka yako. Nimelitazama sana. Ni kama ile kadi ya kliniki ya mtoto. Huku umri, huku kilo, kuna mstari, nesi anakuambia mtoto anakua ama hakui. Ile kadi ya Ethan niliibeba mimi kila mwezi, Mumbi akiwa kazini. Hakuna mwezi alikuwa chini ya mstari.

Nikasema niandikisheni, nitaongea. Jacqueline akashika kichwa. Halafu akakubali, na masharti: usimtaje Ethan, usitaje kesi, usiguse kabisa mambo ya sukari, mmoja wa wale wa tume ni wa upande wa mashtaka. Ongea kama nyanya tu.

Nyanya tu. Nyanya bila mjukuu ni nini, kiti?

Mumbi amelia. Mambo yatawekwa kwa mtandao, Chepngetich ataona. Nikamwambia vizuri, nitamsalimia kutoka Nyeri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kumwona Ethan. Kioo, simu ya waya fupi, lazima uiname. Amekonda shingo. Ana ndevu mbili tatu, hakuna wa kumwonyesha kunyoa.

Ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida, mimi namwuliza kwa Kiswahili, tunaelewana. Unakula? Anakula. Unaomba? Amezungusha waya wa simu kidoleni. Nikamwambia nitaongea mbele ya wakubwa wa jimbo. Akauliza kama itamsaidia tarehe ishirini na tisa. Sikutaka kumdanganya. Nikasema sijui.

Halafu akaniuliza mkono wa yule kijana umepona. Ameniuliza mwenyewe, sijamtuma. Nikamwambia sijui, tumekatazwa kuuliza. Nikaongeza, na ule wali ulikuwa mtamu? Najua si pahali pake. Amelia, na mimi sikuweza kumpangusa, kioo kiko pale. Askari akasema saa imekwisha.

Sijuti. Lazima mtu amwambie. Lakini nimeshinda na ile shingo yake machoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shiku, dada yake Ethan, amenichapia maneno yangu. Mimi nasema, yeye anapiga kompyuta, anasita, ananiuliza, "Cucu, na hii si loya alisema usiseme?" Namwambia, chapa.

Nimeweka sukari. Hapo mwanzo kabisa. Nitawaambia sisi tuna njia yetu ya kumaliza neno. Mkosaji anapelekwa na watu wake, anainama, aliyekosewa anamwinua, na mtoto anabaki mtoto. Tulikwenda, tukapokelewa, tukanywa chai, mama mwenyewe akasema yameisha. Sasa nyinyi ni nani wa kuyaanzisha? Hivyo ndivyo nitakavyowauliza.

Shiku amenipima kwa simu. Dakika mbili na nusu. Nimekataa kupunguza sukari, tumetoa kwaheri na asante.

Jacqueline hajui.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika hapa hapa ukumbini, kitabu kwa goti. Nikingoja nifike nyumbani nitakuwa nimeshajipanga upya.

Ukumbi mzuri, baridi kama duka la nyama. Tume wamekaa mbele kwa meza ndefu, kila mtu na chupa yake ya maji na jina lake. Kuna taa ndogo kwa mike, kijani, njano, nyekundu. Wametuletea mkalimani, kijana wa Mombasa anaitwa Fahmi, adabu nzuri, amenitafutia kiti karibu na njia. Mumbi hakuja. Shiku yuko nami, Jacqueline kasimama nyuma.

Alianza bwana mmoja na picha ukutani, asilimia ya hawa, asilimia ya wale, ubongo wa mtoto unakomaa lini. Hawa wamesoma miaka mingapi ndio wajue mtoto ni mpumbavu? Mwingine akasema bunduki haiulizi umri wa aliyeishika. Wote wawili walishukuriwa sawasawa. Yule wa meza ya mwisho alikuwa anasoma simu chini ya meza, na hakuna aliyemkemea.

Halafu wakamwita Leokadia.

Sikumwona akiingia. Alikuwa safu ya mbele wakati wote, kitambaa cha buluu kichwani. Shiku akanishika mkono. Jacqueline kule nyuma akatikisa kichwa, usifanye lolote. Mimi nikafurahi. Niandike ukweli, nilifurahi. Nikasema Mungu amemleta mwenyewe, sasa watasikia kwa kinywa chake kwamba yalikwisha.

Aliongea Kiswahili, Fahmi akimfuata. Hivi ndivyo ninavyokumbuka.

Alisema yeye hajui kama wa miaka kumi na sita ni mtoto ama mtu mzima, hilo waamue waliosoma. Yeye ana mtoto wa ishirini asiyeweza kutoka nje kutupa taka kukiwa na giza. Alisema kuna watu walikuja kwake, watu wa heshima, na mama mmoja mtu mzima, na sukari. Hakuwataja majina. "Kwetu mtu mzima akisimama mlangoni kwako na sukari, humrudishi. Sikuulizwa kama niko tayari. Niliwapa chai. Nilisema yameisha kwa sababu nilitaka waondoke."

Fahmi alisita kidogo kabla ya kutafsiri hapo.

Akasema Gwakisa alikuwa chumbani, alisikia sauti za wanaume. Alisukuma kabati mpaka mlangoni, na ule mkono katika plasta. "Mimi niko chini na blanketi la watu mabegani, nasikia mwanangu anaburuta kabati." Sukari bado iko juu ya friji. Hajaifungua. Hawezi kuitumia na hawezi kuitupa.

Wakamwuliza anataka tume ifanye nini. Akasema hakuja kuomba mtu afungwe. Alitaka tu mtu amwulize. Taa ikawa nyekundu, akashukuriwa kama wale wengine.

Mimi nilikunywa ile chai. Ilikuwa tamu sana na nikaisifu. Ilikuwa na sukari yake mwenyewe, ya mkebe wake.

Ningekuwa na hasira naye ingekuwa rahisi. Natafuta hasira siipati, na hasira sijawahi kukosa maisha yangu yote. Huyu mama angesema pale mlangoni! Lakini angesemaje? Wazee wawili wamevua kofia, mimi nimebeba mfuko. Njia yetu yote imepangwa ili aliyekosewa asiweze kusema hapana. Mimi mwenyewe ningesema hapana kwa nani? Mume wangu, Mungu amrehemu, alipofanya aliyoyafanya, nililetewa mbuzi na watu wake, nikasema yameisha. Nilikuwa sijauliza hata mbuzi ni wa nini.

Shiku ananong'ona tuende nyumbani. Jacqueline amekuja mpaka hapa, ameinama kwa sikio langu, eti nisiongee, si lazima, na huyo wa mashtaka amekuwa akiniangalia. Nikamwuliza, na tarehe ishirini na tisa? Akasema tutaona. Na nisipoongea, kuna mwingine hapa wa kuongea? Hakuna. Wamebaki wa asilimia.

Karatasi ya Shiku ninayo mkononi. Inaanza na sukari. Nimeikunja. Bila sukari nimebaki na Ethan, na Ethan nimekatazwa. Mjukuu wangu alikula wali wa mtu, na ameniuliza kuhusu mkono wa mtu. Hayo mawili ndiyo ninayo.

Wameita jina langu. Nyaguthii, wamelitafuna, lakini ni mimi.

Mike iko mbele. Kwenda kule lazima nipite safu ya Leokadia, goti kwa goti. Kumsalimia ni kuvunja amri ya jaji. Kumpita bila salamu sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote. Na yeye mwenyewe angetaka lipi? Ameshika mkoba kwa mikono miwili, hajageuka.

Fahmi ananiashiria niinuke. Taa imeshakuwa kijani.