Kwa Nini Nilisimama na Mpira Mguuni

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kambini Kashojwa, na zikukute miguu imepungua uvimbe. Mihogo ya upande wa chini imeitika? Yule jirani bado anaacha mbuzi wake waje kula majani ya sombe yako? Mimi mwili ni mzima, Mungu anasaidia. Roho ndiyo haikai. Nimeanza kuandika nimeketi, sasa naandika nimesimama kwenye dirisha.

Najua ni Riziki anayekusomea kwenye simu, kwa hiyo namwambia kabisa: mdogo wangu, soma polepole, na usiruke mahali pasipokupendeza. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu, mtandao unakatika pale pale ninapofika kwenye maneno yenyewe, na ukirudi Mama ananiuliza nimekula nini.

Riziki ameniambia vijana wa Base Camp wana ile video, na kwamba Jumapili mlipotoka ibadani mtu alikucheka mbele ya wenzako, eti mwanao analala amesimama kama ng'ombe. Iliniuma sana, Mama. Wanicheke mimi, nimezoea. Lakini wewe umenitangaza kanisani miaka yote hii, na sitaki uinamishe kichwa kwa jambo ambalo hujalisikia kwangu.

Kazi yangu hapa Italia unaijua. Tangu Mjomba, kaka yako, anipokee huku mimi ni beki wa kati, na beki hasifiwi, anakumbukwa siku anayokosea. Nilipanda mpaka daraja la pili, nikamkaba mshambuliaji ambaye picha yake imebandikwa kwa kinyozi pale Base Camp, na hakufunga. Kisha goti likanirudisha daraja la tatu, na huko nimekuwa nikizunguka, msimu huu mji huu, msimu ujao mji mwingine. Pasipoti yao ninayo, lakini sijawahi kufungua masanduku yangu yote. Ulinisema mwaka jana: "Unahamaga kila mwaka, mutoto wangu. Nani anakufukuzaga? Sisi tulikimbia vita, weye unakimbia nini?" Mkataba ukiisha nakuwa mkimbizi upya, ila huku hakuna kituo kama cha Kabazana cha kunipokea nikingoja kiwanja cha kujenga.

Sasa sikiliza. Ilikuwa mechi ya mwisho. Tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Zilibaki dakika chache, hakuna bao. Uwanja wetu ni mdogo, upande mmoja una ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta kuna barabara inayotoka kanisani. Nilikuwa na mpira karibu na kona, nageuka nimrudishie kipa. Nikainua macho nikaona gari la maiti linakwenda taratibu, na watu nyuma yake kwa miguu. Mbele yao mama mmoja amevaa nyeusi, ameshikwa mikono pande zote mbili, kama ulivyoshikwa wewe.

Mama, sikufikiri kitu. Mguu ulipanda juu ya mpira, mikono ikaenda nyuma, nikasimama.

Unajua kwetu ilivyo. Njia ya makaburini inapita nyuma ya goli la chini. Ng'ombe wakikatiza tunacheza hivyo hivyo, tunawazunguka. Lakini maiti ikipita, mwenye mpira anaukanyaga, na wote wanasimama mpaka watu wapite. Refa hapigi hata filimbi. Hakuna aliyetufundisha, tulikuta wakubwa wanafanya. Huku hawana hiyo. Mshambuliaji wao aliuchomoa mpira chini ya mguu wangu na kufunga. Niliposikia kelele nilishangaa kweli, nikajiuliza nani huyo anayepiga kelele wakati wa maziko. Kwenye video ile barabara haionekani. Naonekana mimi tu, mikono nyuma.

Tumeshuka daraja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kipa wetu, ambaye mkewe amejifungua juzi, alikuja akasimama mbele yangu. "Niambie tu kwa nini."

"Kulikuwa na maiti inapita."

"Ndugu yako?"

"Hapana, simjui."

Alichukua glavu zake akaondoka. Mpaka leo hajanisemesha, na simlaumu. Kuna watu watakosa kazi kwa ajili yangu. Hilo ndilo linalonitembeza humu ndani kutoka jikoni mpaka mlangoni, Mama, wala si kicheko cha watu.

Rais wa klabu, mzee anayeuza matrekta, aliniita jana. Hakufoka. Alinimiminia kahawa akasema: "Ukisema ulisimama kwa ajili ya jeneza, mashabiki watakutafuna na mimi pamoja nawe. Sema joto lilikushika ukapata kizunguzungu. Watakuhurumia, nami nitakupa msimu mwingine." Ameniachia mpaka leo jioni. Nina miaka thelathini na mitatu na goti bovu. Nikikataa, sijui timu gani itanitaka, na huenda mpira wenyewe umeishia hapo.

Nilikaribia kukubali. Kizunguzungu si dhambi kubwa. Lakini nikakumbuka siku tulipomzika Papa, baba yetu.

Siku ile hukuona kitu, ulikuwa umefunikwa kitenge. Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza, nimebeba viatu vya Papa, sijui hata nani alinipa. Vijana wetu walikuwa wanacheza na wanajeshi waliotoka Mbarara, wale wa Makenke, na wanajeshi walikuwa nyuma kwa bao moja. Beki wao, Mnyankole mmoja mrefu, alikuwa ametupokonya mpira na kupanda nao mpaka mbele, kipa wetu ametoka, goli liko wazi. Akatuona. Akaukanyaga mpira akaweka mikono nyuma, na wote wakasimama mpaka tukapita. Nilisikia baadaye kwamba walifungwa.

Huyo ndiye Afande aliyenifundisha kazi nilipokwenda kusoma Mbarara. "Wewe Mukongo, hapana angalia macho yake! Macho inadanganya. Angalia kiuno!" Kila mshambuliaji niliyemzuia huku, nilimzuia kwa maneno hayo. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini alisimama siku ile, wakati yeye si wa kambini na goli lilikuwa wazi. Alikasirika kabisa. "Wewe unauliza nini? Mutu alikuwa anapita."

Basi, Mama, siwezi kusema nilipata kizunguzungu. Nikisema hivyo, ni kama kusema Afande naye alikuwa mgonjwa siku ile, na Papa alipita bure. Jioni hii nitamwambia mzee wa matrekta asante kwa kahawa. Halafu sijui. Ukiona mtu anashuka kwenye pikipiki na masanduku mawili, usikimbilie kuniuliza nimekula nini. Niulize baadaye.

Msalimie Wilondja mdogo wangu, na mkewe aliyenishonea shati ambalo linanibana tumboni. Msalimie Shangazi Nyota, dada yake Papa, mwambie dawa yake ya goti ninapaka, ingawa inanuka mpaka majirani wananikwepa. Mchungaji msalimie, na wale waliokucheka, wasalimie pia.

Na Wilondja akienda Mbarara kuuza maharage, apite kwenye geti la Makenke amuulizie Afande, kama bado yupo. Hii miaka yote sikuwahi kumpa asante. Asimweleze habari za ligi wala kushuka daraja. Amwambie tu kwamba mtu alipita huku, na yule Mukongo wake alisimama.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Asukulu