Mikono Kifuani

Régine, asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Leo mkuu ndiye hakusikia, na guu lililovunjika ni la mtoto.

Mtihani wa kwanza wa lugha ya ishara shuleni kwetu! Angèle, yule kiziwi wa kule Saio, anasimama, anainua mikono kujibu. Akishindwa, diploma hapati.

Préfet, mkuu wetu wa shule, akashtuka: “Mbele ya wakubwa, mikono kifuani!” Akamwonyesha kwa ishara. Kwa ishara, Régine!

Angèle akakunja mikono kwa heshima. Préfet akamwandikia sifuri: “Hajajibu kitu.”

Mwalimu wake Domitille akainuka: “Citoyen Préfet, weye basi ziba kinywa, halafu utuambie jina lako.”

Darasa likalipuka kwa kicheko. Préfet akavimba: “Omba musamaha, ao utoke!”

“Futa sifuri, nitatoka. Musamaha siombi.”