Jibu la Dakika Moja

Nyumba Na. 17,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na goti lako linasemaje? Shemeji kikohozi kimemwacha? Huku sote wazima, ila macho yangu yameanza kudai miwani.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu utaniuliza habari za kazini, na unajua nikianzia hapo sitoki. Barua nimempa dereva wetu wa lori. Alhamisi utakuwa nayo mkononi.

Ile kampuni ya vipuri iliyonihoji kwa simu mwezi uliopita haikunichukua. Kosa ni langu. Walinipa dakika thelathini. Maswali matatu ya kwanza niliyamaliza kwa dakika sita: stoo yetu ina vipuri aina 3,412, nimeitunza miaka kumi na minne hadi kazini naitwa Stoo, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilipishana kwa boliti mbili tu. Kisha yule mama akauliza kwa nini nataka kuacha kazi niliyonayo. Dada, nikafunguka. Nilimweleza habari za mabosi watatu walioletwa juu yangu, mmoja baada ya mwingine, na jinsi nilivyomfundisha kila mmoja tofauti ya beringi na bushi. Nilipokuja kupumua, zilikuwa zimekwenda dakika kumi na tisa. Akasema, "Asante, baba, tumekusikia." Walinisikia kweli.

Sasa kampuni nyingine imeniita kwa mahojiano ya video, Alhamisi ya tarehe 19, saa nne asubuhi. Wanatafuta mkuu wa stoo, si mtunza stoo. Tangazo lao linasema awe chini ya miaka hamsini, na mimi nina arobaini na tisa. Kwa hiyo hakuna cha kusema nitajaribu mwakani.

Simu nimeiegemeza kwenye cherehani ya mke wangu, juu ya vitabu vinne vya shule, ikawa sawa na macho. Mara ya kwanza nilikaa na dirisha mgongoni. Binti yangu akanipiga picha, nikaonekana kama shahidi aliyefichwa sura. Nimegeuza kiti. Mtandao chumbani ni mistari miwili, sebuleni minne, basi ni sebuleni. Seremala wa jirani ameahidi kuzima msumeno kuanzia saa nne kasorobo hadi saa tano. Namba ya mke wangu nayo nimewapa, ya kwangu isije ikakatika katikati. Cheti nilicho nacho ni cha shule ya msingi tu, kwa hiyo kadi za stoo nimezipiga picha, niwe nazo tayari wakitaka kuona kazi.

Majibu kumi na moja nimeyashika. Hilo moja, la kwa nini naacha kazi, ndilo limenishinda. Mke wangu hunipima kwa saa ya ukutani. Jumamosi alinikatiza: "Mzee, hii dakika ya tisa, na bosi wa pili hata hajaajiriwa."

Nikamwambia basi ajibu yeye. Hakuinua hata macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Sema unataka kuongoza stoo, na hapo ulipo nafasi hiyo hupewi."

Sekunde tano. Nilinuna mpaka jioni, maana ni kweli tupu, na uchungu wangu haumo hata kidogo.

Tangu hapo nimeshuka hadi dakika tatu. Nataka moja.

Ombi langu ni hili. Jumapili saa kumi jioni nipigie kwa video. Siku hiyo usiwe dada, uwe mtu asiyenijua. Maswali mengine ruka, uliza hilo tu, hata mara ishirini. Ugumu ni kwamba wewe uliyajua yote tangu mwanzo, na utataka kusema pole. Usiseme. Nikisikia pole kutoka kwako nitarudi kwa bosi wa kwanza. Nikimtaja yeyote kati yao, kata simu, kisha piga tena.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu fundi umeme. Mwambie mjomba amehesabu miezi saba bila salamu yake. Mama mkubwa mpe shikamoo yangu. Mungu ailinde nyumba yenu na kila aliyemo.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimkatia simu,

Stoo