Kiti Kilichongoja Ubatizo

Somoto, 14 Agosti

Mwanangu Nidia,

Natumaini joto la Madrid limepungua na bibi unayemtunza anakuacha ulale. Huku mvua imerudi. Jana nilioka biskuti za mahindi na jibini, ila hakuna aliyezila.

Nimefungua shajara yangu ili nisikudanganye tena. Kiti cha mtoto cha kufungwa garini ulichomtumia mwanao Abel kilifika tarehe 9 Juni. Sikukitoa kwenye nailoni. Nilitaka siku ya ubatizo kiwe kipya, nikutumie picha uone matunda ya jasho lako. Kaka yako Wilmer alinicheka: "Mama, hiki ni cha mtoto au cha askofu?" Nikamjibu, "Wewe endesha gari. Nyote wanne niliwapakata, nani alianguka?"

Tarehe 2 Julai tulimpeleka Abel kuchanjwa. Wilmer alitaka kukifunga kiti garini, nikamkataza. Karibu na daraja ng'ombe aliingia barabarani, Wilmer akakanyaga breki kwa nguvu. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Akanichopoka.

Siku ya mazishi uliniuliza kwenye simu kama alikuwa kwenye kiti. Nikasema ndiyo. Ukaamini Wilmer alikifunga vibaya, ukaapa kutosema naye maisha. Alikuwa amesimama kando yangu, akasikia, akanyamaza kwa ajili yangu. Mpaka leo amenyamaza.

Usinipigie mimi kwanza, mwanangu. Mpigie kaka yako.

Mama yako,
Eulalia