Maji ya Udhu Juu ya Kioo cha Gari la Bai Jizhong

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tie Mingde (jina la msikitini: Idrisa)
Umri: Miaka 76
Kazi: Mwalimu wa dini, mstaafu
Makazi: Nyuma ya msikiti, Mtaa wa Lango la Kaskazini, mjini Jilin

Mimi niliyetajwa hapo juu, bila kushurutishwa na mtu, nimefika mbele ya Askari Luan kueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Nimeonywa niseme kweli. Dini yangu ilikwisha kunionya kabla.

Mnamo tarehe 9 Januari, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, nilikuwa nimesimama langoni mwa msikiti. Ukungu wa mtoni ulikuwa umepanda usiku kucha na kuganda juu ya kila kitu. Miti ilikuwa myeupe hadi kitawi cha mwisho, na magari kando ya ukuta wa msikiti yalionekana kama ng'ombe waliolala chini ya shuka moja. Hapakuwa na sauti. Asubuhi za namna hiyo mtu hushindwa kujua kama ameamka au yungali usingizini.

Nilimwona Sha Guangyao, mwokaji mikate, akiliendea gari la jirani yake Bai Jizhong, ambaye ndiye mlalamikaji. Mkononi alikuwa na kibapa cha chuma anachokatia unga uliokandwa. Watu hawa wawili hawajaamkiana tangu walipogombania ukuta unaotenganisha nyua zao.

Askari ameniuliza kama nilishtuka. Sikushtuka. Tangu mke wa Bai aanze kupelekwa hospitali kusafishwa damu, Sha hulipitia gari lile kila alfajiri ya barafu na kukwangua vioo vyake kwa kibapa hicho, polepole, asisikike. Hana kifaa kingine. Kisha huenda zake kuoka. Bai akitoka na mgonjwa hukuta vioo vi safi. Aliwahi kuniambia kwa fahari, "Maalim, gari langu nimeliegesha penye baraka. Ukungu unaliogopa."

Nilimwitikia kwa kumshukuru Mungu, basi. Sha alikuwa ameniomba nisimfichue. Alisema, "Akijua ni mimi atalihamisha gari, na mama yule atangoja kwenye baridi."

Siku hiyo barafu ilikuwa imeshika kama ukoko wa chungu. Kibapa kiliteleza kila kilipowekwa. Sha alirudi chumba cha udhu akatoka na birika la maji ya vuguvugu, ambayo sisi hutawadhia majira ya baridi. Nilimwambia maji yale ni ya moto mno kwa kioo. Akanijibu, "Maalim, ni haya haya uliyotawadhia sasa hivi. Yasiyouchoma uso wako yatakivunjaje kioo?"

Niliona neno lake lina hoja, nikanyamaza. Kwa hiyo kosa lile si lake peke yake.

Aliyamimina taratibu, kama amwoshaye mgonjwa. Mvuke ulipanda ukatufunika sote wawili, na kwa muda nilisahau tulikuwa wapi. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama ukucha ukikatwa. Mvuke ulipotawanyika, kioo cha mbele kilikuwa na ufa toka upande mmoja hata wa pili. Sha alibaki amesimama na birika tupu.

Wakati huo huo Bai alitoka na mkewe, aliyefunikwa blanketi. Alilitazama birika, akasema, "Ukuta haukutosha, Guangyao? Sasa unataka kumuua mke wangu?"

Sha hakujibu. Mgonjwa alipelekwa kwa gari la muumini mwingine, na alifika salama.

Nimeambiwa kwamba hata hapa kituoni Sha amekataa kujitetea, na kwamba kimya chake kimechukuliwa kuwa kukiri. Si kukiri. Tumefundishwa kwamba atoaye kwa mkono wa kulia asiujulishe hata mkono wake wa kushoto. Yeye anaona kwamba akisema ataifuta thawabu ya kipupwe kizima. Mimi naona kwamba akifungwa itakuwa dhuluma, nami nitakuwa mshirika. Kati ya siri na dhuluma nimechagua. Sikumwomba ruhusa, nitamwomba radhi.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia. Sikuongeza wala sikupunguza, na Mwenyezi Mungu ni shahidi juu yangu.

Sahihi: Tie Mingde

Maelezo ya askari: Maelezo haya yamesomwa mbele ya shahidi, naye ameyakubali. Yamesomwa pia kwa mlalamikaji. Aliuliza, "Kila asubuhi?" Shahidi aliitikia kwa kichwa. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake, na Sha Guangyao ameachiwa. Nilipotoka kumsindikiza shahidi, ukungu ulikuwa umelifunika gari la mikate la Sha lililoegeshwa nje ya kituo. Bai alikuwa akikwangua kioo chake kwa kitambulisho. Sha alimwambia aache, atakivunja hicho kitambulisho. Bai hakugeuka. Alisema, "Ingia ndani, washa gari. Kioo nimekusamehe. Ukuta bado."

Luan Shuqin, Askari